La Chaux-de-Fonds: Mji wa Saa Uliotoboa Siri ya Kapteni Wangu

Kama una mwenzi asiyevua saa hata akiingia kitandani, utanielewa haraka. Mume wangu ni rubani wa ndege ndogo, zile za injini moja zinazobeba watalii na mizigo kwenda Mafia, Kilwa na kwenye viwanja vya vumbi huko mbugani. Mimi nikitaka kitu namwita Kapteni.

Tulipofunga ndoa nilimpa saa. Tena si saa ya mchezo, nilicheza upatu miezi kumi kuipata. Uso mweupe unaometa, mishale ya rangi ya fedha, vijiwe kumi na viwili badala ya namba, mkanda wa chuma mzito. Ukumbini watu walipiga vigelegele nilipomvalisha. Aliivaa mwaka mmoja na kidogo. Halafu siku moja nikaikuta kabatini ndani ya boksi lake, na mkononi mwake kuna Casio ya plastiki nyeusi, ya Kariakoo.

Nikauliza. Akajibu, "Hii nyepesi." Basi, hakuna zaidi. Mashoga zangu wa ofisini ndio walikuwa na majibu marefu. "Shoga, hiyo kapewa." Nilicheka nao, lakini usiku ile Casio ikilia pii kila saa kamili, mimi nilikuwa macho nahesabu.

Februari nikapata semina ya kikazi Geneva, siku nne. Nikamwambia achukue likizo anifuate, tufanye fungate ya pili. Mpango wangu wa moyoni ulikuwa mwingine: nimnunulie saa ya kweli ya marubani, huko huko zinakotengenezwa. Akiikataa na hiyo, basi nitajua kuna mtu.

Ukitoka Geneva kwenda La Chaux-de-Fonds ni safari ya treni ya saa mbili hivi. Unaambaa na ziwa, unabadilisha treni Neuchâtel, kisha unaanza kupanda milima ya Jura. Katikati ya mlima kuna kituo kinaitwa Chambrelien. Hapo treni inaingia, inasimama, halafu inatoka kwa kurudi nyuma! Nilidhani tumeharibikiwa. Mama mmoja aliyekaa mbele yetu hata hakuinua macho kwenye gazeti lake. Reli ilijengwa hivyo ili treni iweze kuupanda mlima, kwa hiyo kila siku watu wa huku wanaenda kazini nusu ya njia wakitazama mbele na nusu wakitazama nyuma.

Mji wenyewe uko juu karibu mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na siku hiyo theluji ilikuwa imefika magotini. Nisikudanganye, si mji wa kupiga picha za mapenzi kama Paris. Ni nyumba ndefu za ghorofa, zimepangwa safu kwa safu, mitaa imenyooka kama imechorwa kwa rula. Kapteni ndiye aliyeipenda kwanza. Tulipanda juu ya mnara wa Espacité, akatazama chini akasema, "Huu mji umepangwa na mtu anayejua kutazama kutoka juu."

Kumbe sababu ni nyingine. Mwaka 1794 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Walipojenga upya, na baadaye mji ulipokua katika karne ya 19, mitaa ilipangwa kwa mistari sambamba, na nafasi ya kutosha kati ya safu moja na nyingine, ili nyumba zipate jua. Fundi saa anahitaji mwanga kuliko chakula. Hadi leo ukitembea unaona madirisha mengi, makubwa, yamekaribiana. Nyuma ya kila dirisha palikuwa na meza, na kwenye meza mtu ameinama na kioo cha kukuzia jichoni. Mmoja anachonga gurudumu, mwingine anapaka uso wa saa, mwingine anatia mishale. Mwaka 2009 UNESCO iliuweka mji huu pamoja na jirani yake Le Locle kwenye orodha ya urithi wa dunia kwa ajili ya mpango huo. Mwanamume aliyeacha jina kwenye magari ya Chevrolet alizaliwa hapa mwaka 1878. Msanifu majengo Le Corbusier naye alizaliwa hapa mwaka 1887, baba yake akifanya kazi ya kupaka nyuso za saa. Kwa hiyo usiudharau kwa baridi yake.

Makumbusho ya kimataifa ya saa yako chini ya ardhi, yalifunguliwa mwaka 1974, na ukiwa na mwenzi mwenye subira unaweza kumaliza nusu siku humo. Mimi niliingia na macho ya mnunuzi. Kila nikiona saa inayong'aa nilimtazama Kapteni usoni. Hakuna kilichomgusa. Alikuwa anasimama kwenye saa kavu kavu, zile ambazo dukani ningezipita.

Jioni tukapita mtaa wa Montbrillant, ambako Léon Breitling alihamishia kiwanda chake mwaka 1892. Kampuni ilishahamia Grenchen, ila kwa wapenzi wa ndege mtaa huu ni kama kuhiji. Mjukuu wake, Willy, ndiye aliyeleta Navitimer mwaka 1952, saa ambayo ukingo wake ni rula ya mzunguko ya kupigia hesabu. Unazungusha pete ya nje, namba zinakutana na namba, unapata mafuta yatakayotumika, mwendo, maili kugeuza kilomita. Enzi hizo rubani hakuwa na kompyuta, kwa hiyo alivaa kompyuta mkononi. Mwaka 1962 mwanaanga Scott Carpenter alizunguka dunia mara tatu akiwa amevaa toleo lake lenye saa 24 usoni, kwa sababu huko angani jua linachomoza kila baada ya dakika 90 hivi na huwezi kujua kama saa kumi ni ya alfajiri au ya jioni. (Sisi Waswahili tunaohesabu saa kuanzia jua linapochomoza tungepata tabu huko. Kila baada ya saa moja na nusu ni saa kumi na mbili asubuhi!)

Niliiona moja dirishani mwa duka. Nikajua hii ndiyo. Nikamvuta mkono. "Kapteni, hii je?"

Akaitazama kwa heshima kabisa. "Nzuri sana," akasema. "Ila hizo namba ndogo nizisome saa ngapi, na mikono yote ina kazi?" Tukaendelea kutembea. Roho yangu ikashuka mpaka kwenye viatu.

Kesho yake asubuhi tukachukua treni hadi Saint-Imier, robo saa tu bondeni, ambako Longines ipo tangu 1832 na ina makumbusho yake, unaingia kwa miadi. Humo kuna hadithi ya Charles Lindbergh, yule Mmarekani aliyeruka peke yake kutoka New York hadi Paris mwezi Mei 1927, saa 33 na nusu bila kulala. Kabla yake na baada yake marubani walikuwa na tatizo moja: juu ya bahari hakuna barabara. Ili ujue uko wapi mashariki au magharibi lazima ujue saa kamili. Dunia inazunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa, digrii moja kwa dakika nne. Piga hesabu zaidi: kwenye ikweta, sekunde moja ni karibu mita 460. Saa yako ikikosea nusu dakika tu, ramani yako imekosea kilomita kama 14. Kwa rubani anayetafuta kisiwa chenye mafuta, hapo hakuna mjadala.

Ofisa wa jeshi la majini la Marekani, Philip Van Horn Weems, ndiye aliyebuni saa ambayo katikati ya uso wake unazungushwa ili sekunde zilingane na mlio wa redio, bila kuisimamisha saa yenyewe. Lindbergh akaongezea mawazo yake, na mwaka 1931 Longines ikatoa saa ya milimita 47.5, pana kama kisahani, inayosomeka kwa saa na kwa digrii. Kile kifundo cha pembeni cha kutilia ufunguo ni kikubwa makusudi, ili kikamatwe na kidole chenye glavu. Hakuna pambo pale. Kila unachodhani ni urembo, kuna mtu aliwahi kukihitaji akiwa na baridi na hofu.

Nilipomgeukia Kapteni nimwambie hivyo, nikakuta amenyamaza, ameganda kwenye ile hesabu ya sekunde na kilomita. Nilidhani amechoka.

Mchana tukarudi La Chaux-de-Fonds. Mwenye nyumba tuliyopanga alituelekeza kwa fundi mmoja mzee anayetengeneza saa za zamani nyumbani kwake, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama kusini. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza kama Kifaransa changu, lakini aliposikia mgeni ni rubani akasafisha meza.

Akatutolea saa moja ya mteja, kubwa ajabu, milimita 55. Zilitengenezwa Ujerumani na Uswisi kuanzia mwaka 1940 kwa waongoza njia wa ndege za kivita. Mkanda wa ngozi mrefu mno kwa mkono wa mtu yeyote. Nikacheka. Mzee akavaa koti lake zito la theluji, akaufunga mkanda juu ya mkono wa koti, ukatosha sawasawa. Sikucheka tena.

Kisha akatoa ndogo, ya milimita 36, ya aina ambayo kampuni ya IWC ya Schaffhausen ilianza kulitengenezea jeshi la anga la Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1940. Uso mweusi usiorudisha mwanga, namba nyeupe, mishale miwili isiyofanana hata kidogo, mmoja mfupi mnene, mwingine mrefu. Ndani kuna ganda la chuma laini la kukinga sumaku, maana chumba cha rubani kimejaa vifaa vyenye sumaku na sumaku inaifanya saa ikimbie au ichechemee. Ukivuta kile kifundo, mshale wa sekunde unasimama, ili wote mliopo muanze pamoja.

"Funga macho," mzee akaniambia. "Fungua. Funga! Saa ngapi?"

Nikajibu bila kufikiri, dakika kumi na mbili kupita saa nane. Nilikuwa sahihi. Akarudia na saa nyingine, ya kisasa, ya fedha, inayometameta kwa vijiwe, ya mteja fulani tajiri. Funga, fungua, funga. Nikaduwaa. Niliona mng'ao tu. Akaigeuza kidogo mkononi, ikakaa upande, akaniambia nijaribu tena. Nikakosea kwa dakika kumi kamili.

"Ndiyo maana pale juu tunaweka pembetatu," akasema akionyesha ile saa kubwa ya milimita 55, ambayo penye 12 haina namba, ina pembetatu yenye nukta mbili. "Jicho lazima lijue juu ni wapi. Mkono wa rubani haukai wima. Saa imeteleza, ndege imelala ubavu, jicho linatafuta pembetatu kwanza, mengine yanafuata."

Nikamsikia Kapteni nyuma yangu anavuta pumzi. Akaomba msamaha, akatoka nje ya mlango, akakaa kwenye ngazi.

Nilimkuta anaizungusha ile Casio mkononi. Akaniambia kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, ngazi zote kimya. Mwaka wa pili wa ndoa yetu, siku aliyorudi akasema kachoka tu, akalala bila kula. Alikuwa anatoka kusini peke yake, ndege ina mizigo. Umeme wa ndege ukazima wote. Injini za aina ile haziutegemei umeme wa betri, kwa hiyo iliendelea kuunguruma, lakini redio ilikufa, ramani ya setilaiti ilikufa, na mishale ya mafuta ililala sifuri. Simu iko kwenye begi nyuma ya mizigo. Chini ni wingu tupu, jeupe. Alibaki na dira, mwendo anaoujua, na saa ya mkononi. Saa yangu.

Mafuta ya ndege ile yako kwenye mabawa mawili, na rubani anahama bawa moja kwenda jingine kwa kuhesabu dakika. Inakula kama lita 60 kwa saa, kwa hiyo dakika ni lita. Alitazama saa, jua linapiga kwenye ule uso mweupe, mishale ya fedha inawaka yote miwili sawa. Mkanda ulikuwa umelegea, saa imezunguka mkononi. Vijiwe kumi na viwili, vyote vinafanana. Akachukua kijiwe kisicho cha juu akadhani ndicho cha juu. Akakosea dakika kumi.

Kwa mwendo wake dakika kumi ni zaidi ya kilomita 35. Lakini si hilo lililomshtua kwanza. Kilichomshtua ni injini kukohoa na kunyamaza, kwa sababu bawa lile aliloamini bado lina mafuta lilikuwa limekauka. Alihamisha, akasubiri. "Sijui sekunde ngapi," akasema. "Ndiyo maana baadaye nilinunua yenye stopwachi." Ikawaka. Wingu likapasuka kidogo, akaiona pwani, akashuka, akaifuata kaskazini hadi Dar. Mnara ukamuonyesha taa ya kijani isiyokatika, ambayo ndiyo lugha ya kumwambia rubani asiye na redio kwamba atue.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Ulicheza upatu miezi kumi."

Sitakudanganya kwamba nilimkumbatia. Nilikasirika sana. Miaka mitatu nimelala nikimhesabia mwanamke asiyekuwepo, kumbe mwenzangu amebeba kifo chake mfukoni peke yake ili asiniumize kwa sababu ya zawadi! Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Mzee alifungua mlango, akatuona, akaufunga taratibu. Kuna mtu ghorofa ya pili akaanza kupiga kinanda.

Tuliporudi ndani macho yangu yalikuwa mekundu na hakuna aliyejifanya hajaona. Mzee akaomba kuiona Casio. Nilidhani ataidharau. Akaipindua, akabonyeza kitufe cha taa, akafanya uso wa kutoridhika. Taa hafifu, akasema, gizani utalazimika kubonyeza kwa mkono wa pili, na mkono wa pili una kazi. Mengine yote akayasifu: nyepesi, namba haziulizi juu ni wapi, stopwachi ipo, ikipotea hulii. Kapteni akamweleza kwamba anaiacha kwenye saa za Zulu, zile za dunia nzima ambazo marubani wanaandikia safari, ziko nyuma ya kwetu kwa saa tatu. Kwa hiyo mchana wa saa 12 za kizungu, saa yake inasoma 09:00, na mama yake akipiga simu anamwambia ni saa sita. Mzee akacheka mpaka kioo kikamdondoka jichoni. Saa tatu tofauti kwenye kichwa kimoja! Akatukumbusha kwamba ni tatizo hilo hilo lililofanya Rolex, katikati ya miaka ya 1950, iongeze mshale wa nne kwenye saa za marubani wa Pan Am.

Basi ukitaka kumnunulia rubani wako saa, au hata dereva wako wa bodaboda, nakupa ya mzee wa ghorofa ya tatu. Ifunge kwenye mkono wake wa kazi za kila siku, si kwenye mkono wa picha. Zima taa za chumba usome. Igeuze upande usome. Avae glavu au awe na mikono yenye mafuta, aibonyeze. Kifundo cha pembeni kisimchome akikunja kiganja. Mkanda uwe wa nailoni, mmoja unaopita chini ya saa yote, maana kijiti kimoja kikikatika saa inabaki imening'inia na haianguki. Wengine huvaa uso wa saa upande wa ndani wa kiganja, ili wasome bila kuachia usukani. Bei haikuwemo kwenye mafunzo yake.

Nilikuwa na faranga zangu kwenye pochi, za saa ya dirishani. Tulitoka kwa mzee na betri mpya na mkanda wa nailoni wa kijani, na bado nilirudishiwa chenji. Ndiyo, nimepanda hadi mji mkuu wa saa duniani nikarudi na Casio ya Kariakoo. Mashoga zangu hawajamaliza kucheka.

Ile ya vijiwe bado iko kabatini. Kapteni anaivaa harusini, na mimi sasa naipenda zaidi ikiwa huko. Rubani wangu siku hizi anaandika kila muda kwenye karatasi iliyobanwa kwenye paja, jambo ambalo anasema alipaswa kulifanya tangu mwanzo, saa nzuri au mbaya. Nami nimejifunza Zulu. Akiniandikia asubuhi "0520 naondoka, 0610 nafika", sihitaji kuuliza, naongeza tatu.

Jumanne iliyopita alirudi jioni, akavua viatu mlangoni, akasimama pale pale. "Leo kulikuwa na kitu," akasema. Nikazima jiko, nikakaa.